Chama Kipya cha Watu Wanne

Jumamosi ile Alima binti Yuma aliamka na hasira, akafyeka majani ya salongo, ile kazi ya lazima ya mtaa, kwa hasira, na ilipofika saa saba mchana, mikono ikiwa bado inanuka majani, hasira ilikuwa imebaki tele, ya kugawia mtaa mzima. Na alikuwa na haki nayo. Hiyo ilikuwa Jumamosi ya tano anaahidiwa barua, na barua haijaonekana.

Barua yenyewe haikuwa jambo. Mistari minne tu: mkuu wa seli, tawi dogo la Chama mtaani kwao pale Katuba, citoyen, yaani raia, Bwalya, aseme kwamba Alima ni raia mwema na mwanachama hodari wa Chama, apige muhuri, basi. Bila karatasi hiyo shule ya wauguzi haipokei faili, na mafaili yalikuwa yanafungwa Jumatatu. Diploma alikuwa nayo. Alama alikuwa nazo. Picha mbili alikwisha piga, amenyoosha shingo kama twiga. Kilichobaki ni Bwalya, na Bwalya alikuwa na neno lake: Alima haji kwenye animation, zile ngoma za kumsifu Kiongozi ambazo wasichana walichezeshwa uwanjani kila juma, kwa sare za kitenge. "Mimi sikatazi muntu," alimwambia Jumamosi ya tatu, akijitoboa meno kwa kijiti. "Lakini kiuno chenye hakichezee Parti, kinaficha nini?"

Mtu angeweza kumsamehe kama angekuwa mjinga tu. Lakini ubaya wake ulipita hapo. Ripoti zote za seli, miaka miwili sasa, aliziandika Alima. Ofisi za juu zilitaka Kifaransa, na Bwalya alikuwa bingwa wa kupiga miito mkutanoni ila kalamu ilikuwa imemshinda tangu utotoni. Yeye akisema, Alima akiandika, yeye akisaini. "Andika paka vile bantu balisema," ndivyo alivyomfundisha, "neno kwa neno, hapana kutosha, hapana kutia." Kwa lugha ya Katuba, kutosha ni kutoa. Kazi hiyo yote ilikuwa ya bure. Shukrani ya punda ni mateke, na Alima alikwisha kula ya kutosha.

Baba yake, mzee Yuma, alikuwa fundi wa redio. Sebule yao ndiyo ilikuwa karakana, na mlango wake wa barabarani ulikuwa pazia tu. Juu ya rafu, imefutwa vumbi na kung'arishwa, ilikaa radio-cassette ya Bwalya, nayo imetengenezwa bure, kwa kuwa katika mtaa ule ukimwambia mkuu wa seli alipe utakuwa umechoka kuishi kwa raha. Bwalya alikuwa amekula kiapo kwamba atapita mchana ule kuichukua, na barua atakuja nayo mkononi.

Aliyetangulia kufika hakuwa Bwalya. Alikuwa Liévin, mtoto wa mwalimu Mkasai wa nyumba ya tatu, kijana mpole aliyekuwa anasoma Liège, Ubelgiji, na kurudi kwa likizo. Alileta mashine juma lililopita, imeunguzwa na umeme wa Katuba uliokuwa ukipanda na kushuka utakavyo. Ilikuwa kama taipureta nene yenye tundu la kaseti ubavuni, na kioo chake kidogo kama televisheni. Mzee Yuma alibadilisha fyuzi, akaunga waya mbili, akawa anaizungukia tangu asubuhi bila kujua namna ya kuijaribu.

"Papa Yuma, tutie kaseti ya jeu," Liévin akasema. "Kama jeu inaingia, machine iko muzima."

Wakaweka kaseti ya mchezo. Mashine ikapiga ukelele kama mbuzi anayechinjwa.

"Hiki kintu kitalia mpaka saa ngapi?" Alima akauliza.

"Dakika kumi na mbili."

"Kumi na mbili! Ku Bulaya hamuna kazi?"

Hata hivyo alikaa. Alivuta kigoda kwa nia ya kudharau, maana kuna siku mtu anahitaji kitu cha kudharau. Alitazama kioo cheusi, akasikiliza ule ukelele, akaona ni upuuzi mtupu: watu wazima watatu wanasubiri kaseti isiyo na wimbo. Kisha ukelele ukakatika. Kioo kikawaka kijani, rangi moja tu, na mnara ukachoreka polepole mstari kwa mstari, na chini yake jina refu la mnara huo ambalo ulimi wa mtu hauliwezi. Halafu yakatokea maneno mawili ya kuchagua: 1. NOUVELLE PARTIE. 2. CONTINUER LA PARTIE. La kwanza ni kuanza upya, la pili ni kuendelea.

Hapa inafaa kueleza, kwa sababu balaa lote lilitoka hapa. Kwa Kifaransa, partie yenye e mwishoni ni duru ya mchezo, kama duru ya karata. Parti isiyo na e ni chama. Kwenye karatasi ni vitu viwili. Mdomoni ni kitu kimoja. Na mwaka ule, 1987, nchi nzima ilikuwa na Chama kimoja tu, ambacho hata mtoto wa tumboni alikuwa mwanachama wake bila kuulizwa.

Liévin alibonyeza 1. Mashine ikataka watu wanne wa kundi. Kila mmoja apewe jina lisilozidi herufi nane, kisha kazi yake: askari, mchawi, mwizi au mganga. Halafu mashine yenyewe ingerusha kete na kumgawia nguvu.

"Anza weye," Liévin akamwambia Alima. "Utie guérisseuse, mganga. Si unaenda kusoma uuguzi?"

"Nani alikuambia minaenda? Utie guerrier, askari." Akaandika mwenyewe, akitafuta herufi kwa kidole kimoja: ALIMA. Mashine ikarusha kete zake. Nguvu: kumi na sita. Bahati: kumi na nne. Upanga: mmoja.

Alima akangoja. Hakuna kilichofuata.

"Basi?" akauliza.

"Basi nini?"

"Haiombe karatasi? Haiulize nani njo alinisainia?"

Liévin akacheka, akidhani ni utani. Haukuwa utani. Alima aliliangalia jina lake likiwaka pale kijani, na upanga wake pembeni. Boksi la plastiki lililotoka kwa Wazungu, lisilomjua yeye wala ukoo wake, lilikuwa limemuuliza jina, likaliamini, likampa nguvu na silaha mara moja. Na mtaa aliozaliwa, ambao anaujua kila shimo lake, ulikuwa unamzungusha majuma matano kwa mistari minne. Ilimuuma kuliko tusi. Alitaka kuipiga ile mashine ngumi, na wakati huohuo hakutaka mtu yeyote aizime.

Liévin akajiandika LIEVIN, mchawi. Wa tatu akawa mzee Yuma, na kati ya mganga na mwizi, kazi zilizobaki, Liévin akamchagulia mwizi.

"Mimi mwizi?" mzee akafoka. Alizungumza kwa sauti ya juu daima, na watu walimjibu kwa sauti ya juu vilevile, kwa sababu miaka thelathini ya kujaribu vipaza sauti ilikuwa imemla masikio. "Niko mu Katuba tangu wakati ya Babeleji, sijaiba hata musumari!"

"Papa, ni yeye njo anafunguaka bifuli. Eko na vyombo vyake vidogo-vidogo, anafungua milango."

Mzee akatafakari. "Huyo si mwizi. Huyo ni fundi. Wafaransa hawajui kuita bantu." Akakubali. Wa nne Alima alimtia mama yake, MWAJUMA, mganga, ingawa mama mwenyewe alikuwa Pweto akinunua samaki wakavu na hakuwa na habari kwamba amepewa dawa za kufufua watu.

Kundi likatimia. Kioo kikajaa hadithi ndefu ya Kifaransa, na kwa kuwa mzee hakusoma lugha hiyo, Alima akamtafsiria kwa kelele, amesimama, mkono mmoja kiunoni. Hasira ya juma zima ikapata njia ya kutokea.

"Baba, sikiliza! Mufalme mubaya eko mule mu munara! Alikamata mali yote ya inchi! Bantu banakufa na njaa, yeye anakula!"

"Na bantu banafanya nini?" mzee akapiga kelele.

"Banaogopa! Sasa sisi bane, njo tunaenda kumutosha!"

"Chef ya kundi ni nani?"

"Ni mimi! Tunaanza leo! Nouvelle partie!"

Pazia likafunguka. Citoyen Bwalya alikuwa amesimama kizingitini, karatasi ya barua mkononi, na macho yamemtoka pima.

"Nani," akasema polepole, "njo anaanzisha parti?"

Mzee Yuma hakumsikia vizuri, kwa hiyo akatabasamu na kunyoosha mkono kuichukua radio-cassette. Liévin akasimama. Alima, ambaye alikuwa ameiona barua, akajilazimisha kushusha sauti.

"Si parti, chef. Ni partie, na e ku mwisho. Ni jeu. Sawa partie ya karata."

"Minasimama hapa tangu zamani. Mu kinywa chako sikusikia e."

"E haisikikake, chef. Banaiandikaka tu."

"Aa. Munaificha." Akaingia, akainama mbele ya kioo, akasoma kwa kidole majina manne, midomo ikicheza. "Bantu bane. Na huyu: Li-é-vin. Jina hii ya kizungu si ilikatazwa tangu mwaka ya sabini na mbili? Na rangi munatia vert, kijani ya Parti yenyewe, juu ya kudanganya bantu!"

"Kioo haina rangi ingine," Liévin akasema.

"Weye funga kinywa." Kidole cha Bwalya kilikuwa kinatafuta. "Mbele ya haya kulikuwa nini? Rudisha." Alima akabonyeza, mnara ukarudi, na maneno mawili chini yake. "Hii ya pili inasema nini?"

"Continuer la partie."

Uso wa Bwalya ukafunguka. "Si njo ile! Continuer! Kwa nini hamukukamata ile? Inchi hii tunaendelea na Parti, hatuanzishe ingine! Kamata ile!"

"Chef," Liévin akaanza, "hatujatia kintu mu mémoire, itasema..."

"Kamata ile, ninasema!"

Alima akabonyeza 2. Mashine ikafikiri kidogo. Kisha ikaandika, kwa herufi kubwa zilizojaza kioo kizima: AUCUNE PARTIE EN MÉMOIRE.

Kwa Kifaransa cha Bwalya: hakuna Chama chochote katika kumbukumbu.

Hata Bwalya aliweza kulisoma hilo. Alilisoma mara mbili. Mzee Yuma, peke yake katika chumba asiyejua, akauliza kwa kelele, "Inasema nini?" Alizitazama nyuso zao moja baada ya nyingine, akaelewa kilichotosha kueleweka. Ndipo akafanya jambo ambalo Alima hakuwa amelitegemea. Alimnyooshea Liévin kidole.

"Chef, machine si yangu. Ni ya huyu mutoto. Yeye njo alitoka nayo ku Bulaya. Mimi nilitia fyuzi tu."

Liévin akageuka kumtazama.

Bwalya akavuta kigoda cha Alima akakikalia. Alikuwa amepata njia yake sasa, na alikuwa na raha ya mtu aliyeipata. Akaiweka barua mezani, kati ya bisibisi na nyaya, akaifunika kwa kiganja. Muhuri ulionekana ukichungulia kati ya vidole viwili.

"Alima, kamata kalamu. Utaandika ripoti, njo kazi yako. Anza na mwenye kuleta machine. Nani alileta, ilitoka wapi. Ukimaliza nitasaini, na hii utaenda nayo Lundi, Jumatatu, ku masomo."

Alima akachukua daftari la baba yake, akakaa kwenye ukingo wa meza, akaandika. Aliandika kwa Kifaransa safi, kwa mwandiko ule wa mviringo aliosifiwa na masista: Mashine ililetwa kutoka Ubelgiji na mwanafunzi Liévin, mtoto wa mwalimu, mkazi wa mtaa huu, nyumba ya tatu. Mkono ulikwenda vizuri. Ulikwenda mbio, bila kukwama popote.

"Vizuri," Bwalya akasema, akichungulia mwandiko asioweza kuusoma. "Na Samedi, Jumamosi yenye kukuja, utakuja ku animation. Kiuno hicho, Parti inakihitaji." Akacheka, na kwa mkono uliokuwa huru akampiga kikofi kidogo cha ubavuni, kama mtu anayejaribu tikiti maji sokoni.

Hapo maji yalizidi unga. Alima hakupiga kelele. Alifungua ukurasa wa pili, kalamu ikaanza kukwaruza karatasi kiasi kwamba mzee Yuma, pamoja na masikio yake, aliisikia. Aliandika mistari mitano, kumi, kumi na mitano. Bwalya akapiga miayo. Mwishowe Alima akasimama.

"Nasoma, chef. Ripoti inasomwaka mbele ya kusaini."

Akaisoma, kwanza kwa Kifaransa, kisha akaitafsiri, sentensi baada ya sentensi, bila haraka. Mstari wa kwanza ulikuwa ule wa Liévin. Kisha: "Citoyen Bwalya, mkuu wa seli, alisimama nyuma ya pazia muda mrefu akisikiliza habari ya mfalme mbaya anayekula mali ya nchi, na hakukataza. Alipoingia, yeye ndiye wa kwanza kutamka neno la kuanzisha chama. Kabla yake lilikuwa halijasemwa. Kisha akaamuru mashine iulizwe habari za Chama. Aliambiwa asiulize. Akaamuru mara ya pili. Mashine ikaulizwa kwa amri yake, ikajibu kwamba hakuna Chama chochote. Citoyen Bwalya akalisoma jibu hilo mara mbili, na hakulipinga. Imeandikwa neno kwa neno. Saini ya mkuu wa seli."

Akamwekea daftari mbele, akamwekea na kalamu juu yake.

"Saini, chef."

Bwalya hakuigusa kalamu. Alikuwa amezeeka pale pale. Aliwajua watu wa ofisi za juu kuliko Alima alivyowajua. Alijua kwamba neno kama lile likipanda ngazi, haiulizwi mashine. Anaulizwa aliyelibeba.

"Futa kule mwisho," akasema.

"Hapana kutosha, hapana kutia. Njo vile ulinifundisha."

"Alima..."

"Saini! Ama nipeleke bila saini? Najua njia ya ofisi, chef. Ripoti zako zote, miaka mbili, nani alizipelekaka? Miguu ya nani? Ulinipa hata pesa ya bisi? Unanitembeza Samedi tano sawa mbwa, unanipima kiuno, na kalamu unataka nikushikie! Saini!"

Sauti yake ilikuwa imefika barabarani. Pazia likacheza, labda upepo, labda jirani. Bwalya akainuka. Alizichana kurasa mbili za daftari, akazikunja, akazitia mfukoni ndani kabisa, akaikwapua radio-cassette yake kutoka kwenye rafu. Barua akaiacha pale ilipokuwa.

"Kamata," akasema bila kumtazama. "Mimi leo sikufika hapa. Unasikia? Sikufika." Akatoka.

Mzee Yuma akavuta pumzi kama mtu aliyetolewa mtoni, kisha akacheka, akapiga magoti yake kwa viganja. "Umemufunga kinywa! Ee, mutoto wangu, umemufunga!"

Alima akaichukua barua. Mistari minne, muhuri wa duara, saini iliyopinda. Ilisema yeye ni mwanachama hodari na mchezaji mwaminifu wa animation. Alikuwa na mengi ya kumwambia baba yake. Akaanza nayo. "Baba, unacheka? Ulimunyooshea kidole. Mutoto wa jirani! Ulikuwa tayari kumuuza!"

Mzee akaacha kucheka. Akainamia bisibisi zake, akazipanga, akazipangua.

Liévin alikuwa amekwisha zima mashine. Alikuwa anakunja waya kiganjani, mviringo juu ya mviringo, kwa utulivu uliozidi.

"Muache papa," akasema. "Papa eko muzee. Jina yangu, weye njo uliitia mu karatasi. Ligne, mustari ya kwanza kabisa. Nilikusikia ukisoma."

"Ilikuwa kasirani," Alima akasema. "Haukuona namna gani nilikuwa na kasirani?"

Liévin akaifunga waya fundo, akaipakata mashine kifuani.

"Hapana. Kasirani ilikuja kisha, wakati alikugusa. Ligne ya kwanza uliiandika mbele ya kasirani."

Akaweka mezani malipo ya fyuzi, akamuaga mzee Yuma kwa heshima kama alivyolelewa, akatoka na mzigo wake. Alima alisimama katikati ya sebule, barua mkononi, akitafuta neno la kumjibu. Alilitafuta Jumapili yote. Jumatatu asubuhi alipeleka faili.